Kabla ya Kununua Skana, Fungua Kabati Lako

Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, maduka ya steshenari ya Mwanjelwa, Kabwe na Uyole jijini Mbeya hujaa vijana waliobeba bahasha za khaki. Ndani ya bahasha hizo mna vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na fomu zilizogongwa mihuri, na vyote sharti viingie kwenye mtandao kama faili kabla siku ya mwisho haijafika. Mzazi anayelipia ukurasa mmoja mmoja, huku akiona nakala ya cheti cha mwanawe ikibaki kwenye kompyuta ya mtu asiyemfahamu, huanza kujiuliza kama isingekuwa nafuu kuwa na skana yake nyumbani. Swali hilohilo humjia mhasibu wa ofisi ndogo ya Iringa mjini ambaye kabati lake limekataa kufungika, na wakala wa forodha wa Tunduma ambaye kila lori linalovuka kwenda Zambia humwachia rundo jipya la ankara. Wote watatu wakienda dukani wataoneshwa masanduku yaleyale yenye tarakimu kubwa zilezile, na muuzaji atawaambia kwamba tarakimu ikiwa kubwa zaidi, mashine nayo ni bora zaidi.

Ushauri huo hauwasaidii, kwa sababu watu hao watatu hawahitaji mashine moja, na huenda mmoja wao hahitaji mashine kabisa. Miaka kadhaa ya kutunza nyaraka za ofisi imenifundisha kwamba anayetaka skana aanze kwa kufungua kabati lake na kuzitoa karatasi zilizomo. Aina ya karatasi ndiyo inayoamua aina ya mashine; kasi, waya, programu na bei hufuata baadaye.

Kilichomo kabatini

Nyaraka za ofisi ya kawaida katika nyanda hizi za juu kusini, zikipangwa mezani, hazifanani hata kidogo. Zipo karatasi huru za A4, safi na zenye unene mmoja, kama vile barua, orodha za mishahara na taarifa za benki, ambazo kila mashine huzipenda. Yapo madaftari yaliyoshonwa, kama leja za chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kule Mbozi, zinazoonesha kilo za kila mkulima msimu baada ya msimu, na ambazo hakuna katibu atakayekubali zichanwe ili kumrahisishia kazi mtu mwenye skana. Vipo vijikaratasi vya kila ukubwa: stakabadhi za mzani, hati za kupokelea mzigo zilizoandikwa kwa karatasi ya kaboni, risiti. Kisha zipo nyaraka chache za thamani, kama hati ya kiwanja au cheti cha kuzaliwa ambacho mwenyewe amekwisha kukitia laminesheni kwa kuogopa mvua.

Mafaili ya zamani yana tatizo lao lingine ambalo wanunuzi wengi hulisahau hadi mashine ifike nyumbani. Barua na mihtasari ya vikao ya miaka iliyopita ilichapwa au kuandikwa kwenye fulskepu, karatasi iliyo ndefu kuliko A4 kwa takriban sentimita 3, wakati kioo cha skana nyingi za bei ya kawaida kimekatwa kwa kipimo cha A4, yaani milimita 210 kwa 297. Fulskepu ikilazwa juu ya kioo hicho, mistari ya mwisho na sahihi ya mwandishi hubaki nje. Skana zinazovuta karatasi kwa rola hazina shida hiyo, kwa kuwa kinachozibana ni upana tu na nyingi hukubali karatasi yenye urefu wa milimita 356 au zaidi. Ofisi yenye mafaili ya fulskepu imeshapata nusu ya jibu lake hapo, kabla hata haijauliza bei.

Risiti nazo zinastahili maneno ya ziada. Risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, haichapwi kwa wino; karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapoguswa na joto, na ndiyo sababu risiti iliyosahaulika juu ya dashibodi ya gari linaloshinda juani huharibika kwa namna isiyorekebishika. Hata ikitunzwa gizani, maandishi yake hufifia polepole, na mguso wa plastiki fulani, mafuta ya mkono au gundi huongeza kasi ya kufifia huko. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na karatasi ya joto mara nyingi hufifia kabla muda huo haujatimia. Kwa mfanyabiashara wa Soko la Mwanjelwa, basi, kuskani risiti si anasa ya ofisi za kisasa, na kazi hiyo inafaa ifanywe wiki ileile risiti ilipopatikana. Faida ya pili ni kwamba risiti iliyoanza kufifia ikiskaniwa kwa rangi ya kijivu, badala ya nyeusi na nyeupe tupu, mara nyingi huweza kukolezwa kwenye kompyuta hadi isomeke tena.

Skana ya kioo, na kwa nini mbili zinazofanana hazifanani

Skana ya kioo ni ile inayofunguliwa mfuniko kama mashine ya fotokopi. Karatasi hulazwa kifudifudi juu ya kioo, na chini yake mkono wenye taa na vihisio hupita taratibu ukisoma mstari mmoja baada ya mwingine. Kwa kuwa karatasi yenyewe haisogei, hakuna cha kuchanika wala kukwama, na hiyo ndiyo sababu nyaraka za thamani, picha za zamani na chochote kilichotiwa laminesheni vinapaswa kupita hapa.

Ndani ya skana hizi kuna teknolojia mbili, na ingawa wauzaji ni nadra kuzitaja, tofauti yake ndiyo inayoamua kama leja itasomeka au la. Ya kwanza huitwa CIS: vihisio vimepangwa kwa mstari wenye upana sawa na wa karatasi, karibu kabisa na kioo, na huangaziwa na taa ndogo za LED za nyekundu, kijani na buluu. Ya pili, CCD, hutumia vioo na lenzi kuikusanya taswira ya mstari mzima na kuifikisha kwenye kihisio kidogo kilicho mbali zaidi. CIS huona vizuri kile tu kinachogusana na kioo; kitu kikiinuka hata kwa milimita chache, huanza kufifia na kuwa na ukungu. CCD, kwa sababu ya lenzi yake, huendelea kuona hata pale karatasi inapojikunja au kuinuka kidogo.

Weka sasa leja nene juu ya kioo. Kurasa mbili zinalala vizuri pembeni, lakini katikati, penye mshono, karatasi imeinuka. Skana ya CIS itakupa kurasa mbili safi zilizotenganishwa na mtaro mweusi, na ndani ya mtaro huo zimezama kilo za kila mkulima aliyekuwa na bahati mbaya ya kuandikwa safu ya karibu na mshono. Skana ya CCD itatoa kivuli pia, lakini ndani ya kivuli hicho tarakimu bado zitaonekana.

Kuzitofautisha dukani si vigumu. Skana ya CIS ni nyembamba na nyepesi, na nyingi hutumia waya mmoja tu wa USB ambao hupitisha data na umeme kwa pamoja. Ya CCD ni nene na nzito, na kwa kawaida huja na adapta yake ya kuchomeka ukutani. Nisieleweke kwamba CIS ni duni. Kwa mtu mwenye karatasi bapa na mwenye umeme usiotabirika, skana inayoendeshwa na betri ya laptopu ni baraka, kwa kuwa umeme ukikatika saa nne asubuhi kazi inaendelea hadi laptopu yenyewe itakapochoka.

Kwa ofisi yenye leja nyingi kuliko karatasi huru kuna njia ya tatu, nayo ni skana ya juu, yaani kamera iliyosimamishwa kwenye mkono wa chuma ikitazama meza. Kitabu hufunguliwa chini yake kikiwa kinatazama juu, kurasa hugeuzwa kama mtu anayesoma, na programu hunyoosha upinde wa ukurasa. Udhaifu wake ni mwanga: dirisha lililo upande mmoja wa meza huangaza ukurasa mmoja na kuutia kivuli mwingine, na karatasi ya kung'aa hurudisha mwanga wa taa kama kioo. Ukiweza kuifungia chumba chenye mwanga wa utulivu, inaokoa muda mwingi na migongo ya vitabu vingi.

Skana ya rola

Mashine inayovuta karatasi yenyewe hubadilisha kabisa hesabu ya muda. Tuseme chama cha ushirika kina kurasa 12,000 za barua na fomu za miaka iliyopita. Kwa skana ya kioo, ukihesabu kuinua mfuniko, kunyoosha karatasi na kusubiri mkono urudi, kurasa mbili kwa dakika ni mwendo mzuri. Hiyo ni dakika 6,000, sawa na saa 100, yaani siku zaidi ya 12 za kazi za saa 8 bila kuinua kichwa. Skana ya rola inayosoma kurasa 25 kwa dakika ingezimaliza kwa saa 8. Kwa kweli haitakuwa saa 8, kwa sababu mtu atatumia muda mrefu zaidi kung'oa pini na tegi na kunyoosha kona zilizokunjwa kuliko muda ambao mashine itakuwa inafanya kazi. Hata hivyo tofauti inabaki kubwa kiasi kwamba hakuna ofisi yenye mafaili mengi inayopaswa kununua skana ya kioo peke yake.

Angalia kwanza kama inasoma pande zote mbili kwa mpito mmoja. Mashine yenye vihisio viwili, juu na chini, husoma uso na mgongo wa karatasi kwa wakati mmoja. Ya bei nafuu humeza karatasi, ikaigeuza ndani na kuimeza tena, hivyo huwa na kasi ndogo na nafasi mbili za kukwama badala ya moja. Kisha uliza kama inatambua karatasi mbili zilizomezwa kwa pamoja. Mashine nzuri hufanya hivyo kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio: mawimbi hupita kwenye karatasi moja, lakini hufifia sana yanapokutana na hewa iliyo katikati ya karatasi mbili, na mashine husimama. Bila kihisio hicho, ukurasa wa 47 hupita umefichwa nyuma ya ukurasa wa 46, na hakuna atakayegundua hadi siku unapotafutwa.

Kuna jambo moja ambalo sikuelezwa na yeyote nikalijifunza kwa gharama. Niliwahi kuskani faili zima la barua, kurasa zaidi ya 200, kisha nikaona mstari mwembamba umepita kutoka juu hadi chini ya kila ukurasa, mahali palepale, ukikata tarakimu moja ya kila namba ya simu iliyokuwa kwenye kichwa cha barua. Chanzo kilikuwa tone la gundi ya stika, dogo kuliko punje ya ulezi. Kwenye skana ya kioo vihisio ndivyo vinavyotembea, kwa hiyo uchafu huonekana kama nukta moja. Kwenye skana ya rola vihisio vimetulia na karatasi ndiyo inayopita, hivyo uchafu uliokaa mbele ya kihisio husomwa upya katika kila mstari wa karatasi na kuwa mchirizi mrefu. Tangu siku hiyo huskani kurasa tano, huzitazama kwa ukubwa kamili, hufuta kijioo chembamba kwa kitambaa laini, ndipo nikaendelea.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya vumbi. Kati ya Juni na Oktoba mvua ikiwa imekatika, ofisi iliyo kando ya barabara ya udongo hupokea vumbi siku nzima, nalo hutua kwenye rola pamoja na kwenye kioo. Rola iliyojaa vumbi hupoteza mshiko wake, ikaanza kuteleza na kumeza karatasi mbili au kutomeza kabisa. Mpira wa rola ni kitu kinachochakaa kama tairi, na watengenezaji hutaja idadi ya kurasa ambazo rola inapaswa kubadilishwa baada yake. Kabla ya kulipa, uliza kama rola na kipande cha kutenganishia karatasi vinapatikana vikiwa spea, Mbeya au hata Dar es Salaam. Mashine nzuri isiyo na spea ina maisha ya seti moja ya rola.

Mvua nayo ina lake. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na karatasi zilizokaa kwenye kabati la chumba chenye unyevu hushikana kama majani ya chai yaliyoloa. Karatasi za namna hiyo zipepetwe kwa mkono kama mtu anayechanganya karata na ziachwe mezani kwa muda kabla ya kulishwa. Asubuhi za baridi kali za Juni na Julai kule Njombe au Makete, skana iliyolala kwenye chumba baridi ikiingizwa ghafla penye joto huweza kupata umande chini ya kioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Iache ikae saa moja au mbili bila kuwashwa.

Vitambulisho vya taifa na kadi nyingine ngumu za plastiki zipite kwenye mashine yenye njia iliyonyooka, ambayo kadi huingia mbele na kutokea nyuma bila kupindwa. Cheti chenye laminesheni kisipitishwe kwenye rola hata muuzaji akikuhakikishia.

Tarakimu za kwenye sanduku

Tarakimu kubwa kuliko zote ni ya dpi, yaani idadi ya nukta ambazo mashine husoma katika kila inchi. Sanduku likiandika 4800 au 9600, liulizwe kwanza kama hizo ni nukta zinazosomwa kweli na kihisio, au ni nukta ambazo programu imezibuni kwa kukisia kilichopo kati ya nukta mbili halisi. Zile za kubuni haziongezi habari yoyote. Ni sawa na kurefusha uji kwa maji.

Hata zile halisi huzihitaji zote. Ukurasa wa A4 ukisomwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa picha yenye upana wa nukta 2,480 na urefu wa nukta 3,508, jumla karibu milioni 8.7. Kwa rangi kamili, kabla ya kubanwa, hiyo ni takriban megabaiti 26. Kwa kijivu ni 8.7; kwa nyeusi na nyeupe tupu ni kama 1.1. Ukipandisha hadi nukta 600, ukubwa wa faili huongezeka mara nne, na ukurasa mmoja wa rangi hufika megabaiti 104. Ukipanda hadi 1,200 utapita megabaiti 400 kwa barua moja ya kuomba likizo. Kwa maandishi ya kawaida 300 zinatosha kabisa. Maandishi madogo sana, mihuri iliyofifia na picha ndogo za familia zinastahili 600. Zaidi ya hapo ni kazi ya kuskani filamu za picha, ambayo ina mashine zake.

Mifumo ya maombi kwa mtandao huweka kikomo cha ukubwa wa faili, na hapo ndipo vijana wengi huharibu vyeti vyao. Hupiga picha kubwa ya rangi, kisha huibana na kuibana hadi jina la shule liwe kama limeandikwa kwa mchanga. Njia iliyo salama zaidi ni kuskani upya kwa kijivu na kwa nukta 200 au 300, kisha kuhifadhi kama PDF. Faili itakayotoka huwa ndogo na bado inasomeka.

Kubana faili kuna hatari iliyofichika kuliko ukungu. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba baadhi ya mashine za ofisi za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu kwenye nakala. Kwenye ramani ya nyumba aliyoskani, vyumba vitatu vyenye ukubwa tofauti vilitoka vyote vikiwa vimeandikwa mita za mraba 14.13. Mbinu ya kubana iliyotumika, JBIG2, ilikuwa ikitafuta vipande vya ukurasa vinavyofanana na kuhifadhi kimoja tu, na ilipokosea kudhani kwamba 6 na 8 ni kitu kimoja, iliweka moja mahali pa nyingine, ikiwa safi na kali bila dalili yoyote ya kasoro. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu. Kwa mtunza kumbukumbu za kilo na shilingi kisa hicho kinatosha kumfanya asichague kiwango cha juu cha kubana, na asiharibu karatasi ya asili kabla ya kulinganisha tarakimu.

Kasi ya kurasa kwa dakika hupimwa kwa kawaida kwa nukta 200 au 300. Ukipandisha hadi 600, kasi hushuka. Tarakimu yenye faida zaidi, na ambayo huandikwa kwa herufi ndogo, ni idadi ya kurasa ambazo mashine imeundwa kuzimudu kwa siku. Mashine ya kurasa 500 kwa siku ikilazimishwa kurasa 3,000 itazifanya kwa muda, kisha itakufa.

Kompyuta yako itaielewa?

Skana haizungumzi na kompyuta bila mkalimani, ambaye ni programu inayoitwa draiva. Upande wa Windows wakalimani wa kawaida ni TWAIN, uliopo tangu 1992, na WIA wa Microsoft. Kwenye Linux kuna SANE. Kwa mashine mpya suala hili ni jepesi, na zile zinazotumia mtandao wa ndani kwa utaratibu wa eSCL huweza kutambuliwa bila kusakinisha chochote. Kwa mashine za mtumba ndipo hasara ilipo. Skana iliyotumika Ulaya kwa miaka kumi inaweza kuwa nzima kabisa kwa chuma na kioo chake, lakini draiva yake iliishia Windows 7, na CD iliyokuja nayo haina pa kuingia kwenye laptopu ya leo. Programu kama VueScan huzifufua nyingi za aina hiyo, ila kwa malipo. Ikiwa ya mtumba imetoka Marekani, soma pia maandishi ya adapta: inayokubali volti 110 hadi 120 pekee itaungua kwenye umeme wetu wa volti 230 siku ya kwanza.

Programu inayokuja na mashine si lazima iwe ndiyo utakayotumia. NAPS2 ni ya bure, hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, hupanga kurasa, hutengeneza PDF na kusoma maandishi. Kusoma maandishi huko, ambako hufahamika kwa kifupi OCR, ndiko kunakokuwezesha kutafuta neno ndani ya maelfu ya kurasa. Injini ya bure iitwayo Tesseract, iliyoanzia katika maabara za Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kuachiwa huru mwaka 2005, ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Hakikisha umekichagua, kwa sababu injini iliyoachwa kwenye Kiingereza huelekea kuyavuta maneno yetu yafanane na yale inayoyajua. Kwa barua iliyochapwa vizuri matokeo ni mazuri. Kwa mwandiko wa mkono na nakala za kaboni usitegemee mengi, uandike mwenyewe jina la faili lenye tarehe na mada.

Mashine za tatu kwa moja, zinazochapa, kutoa kopi na kuskani, zina nafasi yake nyumbani na kwenye ofisi isiyo na nafasi. Kikwazo ni kwamba baadhi hukataa kuskani wino ukiisha, ingawa kuskani hakuhitaji wino. Liulizwe hilo waziwazi.

Na simu je? Mwenye vyeti vitatu vya kupeleka mara moja kwa mwaka hana sababu ya kununua chochote. Programu za simu hutambua kingo za karatasi na kuinyoosha, na mchana, karibu na dirisha, kivuli chako kisianguke juu ya karatasi, faili hutoka vizuri. Huyo ndiye yule mzazi wa mwanzo, na kwa simu yake ameepuka pia kuacha cheti cha mwanawe kwenye kompyuta ya mtu, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelipa uzito ambao maduka mengi ya steshenari bado hayajauzoea. Mhasibu wa Iringa anunue ya rola yenye kusoma pande mbili kwa mpito mmoja na abaki na ya kioo ya bei ndogo kwa ajili ya hati. Wakala wa Tunduma atazame kwanza idadi ya kurasa kwa siku na upatikanaji wa rola. Katibu wa Mbozi achague kati ya CCD nzito na kamera ya juu, kwa kutegemea kama leja zake zinatosha kwenye kioo cha A4, nyingi hazitoshi.

Siku ya kununua, beba bahasha yenye karatasi zako mbaya kuliko zote: risiti iliyofifia, hati ya kaboni, fulskepu yenye kona iliyokunjwa, cheti chenye laminesheni na leja moja. Mwombe muuzaji aichomeke mashine kwenye kompyuta na uskani pale pale kila kinachofaa kupita kwenye mashine ya aina hiyo, kwa nukta 300, kwa kijivu. Kisha ikuze picha hadi tarakimu zijae kioo cha kompyuta, uzitafute zile 6 na 8 na 3 zilizoandikwa kwa mkono karibu na mshono wa leja, ukizisoma huku kidole kikiwa kwenye karatasi yenyewe.